Kikombe cha Mwanashee

Kitabu kiliishia kikombeni.
Mwanashee kavaa buibui, ufunguo kautia chini ya mkeka,
na kahawa aliyommiminia mumewe ingali yafuka
juu ya sinia, barazani.
Nukta. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne,
na chini yake weupe wa karatasi
mpana kama uwanja wa Makadara watu wakishatawanyika Idi.

Miaka thelathini na mmoja mimi na Shebwana
tumeugombania weupe ule.
Yeye fundi saa, kijiduka chake cha Kibokoni
chaingia kiti kimoja na nusu.
Mimi karani wa bandarini, nikitoka kazini
na wino wa mihuri vidoleni, nakalia hiyo nusu.
Nasema: atarudi.
Asiyerudi haweki ufunguo chini ya mkeka, huondoka nao.
Yeye, lenzi jichoni, hata uso hainui:
"Kauacha kwa kuwa si wake tena. Soma vizuri, karani."
Tukawekeana mahamri ishirini na mbaazi za nazi,
atakayeshindwa alipe.
Nani wa kutuamua? Mwandishi keshazikwa.

Ndipo akazuka mjukuu wa mwandishi na Sehemu ya Pili,
jalada lang'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Mwanashee karudi. Ukurasa wa tatu, karudi!
Ana gari, ana hoteli Diani, ana pacha,
na mume kainywa kahawa ile, kasema tamu.
Tamu!
Mtu yule, kitabu kizima, hakusifu kitu ila mvua,
tena mara moja, tena ya usiku.

Hatujakaa sawa, wakaja wengine kwenye foleni:
kitabu cha mpishi, aliyepita ukurasa mmoja na karai la papa;
kitabu cha punda wa maji, utoto wake na mapenzi yake.
Punda, jamani, kapewa mawazo kumshinda bibi mwenye nyumba.

Halafu filamu. Walikuja mtaani na nyaya na miavuli,
ukuta wa Bi Rukiya wakaupiga manjano,
ilhali kitabuni ni ukuta ulioambuka chokaa
na mtoto kachora meli kwa mkaa.
Mwanashee wao asema Kiswahili cha taarifa ya habari.
Kanga kaivaa juu chini, maneno yamepinduka.
"Kumbe hakuna aliyejua kusoma," akasema Bi Rukiya,
akihesabu noti walizompa ili aanue nguo zake.
Pale kitabu kiliponyamaza, wametia fidla.
Na kikombe,
kikombe kina mkono! Kama cha chai ya ofisini.

Taa zikawaka ukumbini Nyali, watu wakapiga makofi.
Kijana wa kando yangu akauliza kama kuna ya tatu.

Basi nimeshinda. Imeandikwa, imepigwa chapa, imeonekana.
Usiku nikalala na ushindi wangu kama mtu na jino bovu.
Asubuhi nikapanga foleni Kuze, mahamri ishirini,
mbaazi kwenye mkebe, moto waniunguza paja,
nikavitua juu ya meza yake, kati ya saa zilizofumuliwa matumbo.
"Mshindi halipi," akasema.
"Leo alipa."

Akanitazama, na lenzi yake, jicho moja kubwa kuliko jingine.
Akala hamri nzima bila neno.
Akajifuta mafuta kwa kile kitambaa cha vioo,
jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu nimjue,
akatoa ubeti kama atoaye chenji:

*Aliyerudi si yeye, ni mgeni kafanana,*
*Jina lake avaaye, mwendo wake hakuona,*
*Wetu yu njiani naye, hata leo hajanena,*
*Rudi kitini ukaye, karani, tubishe tena.*

Nikakalia nusu yangu.
Mbaazi zilikuwa zimepoa, chumvi imezidi.
Nikasema: atarudi.
Hakuinua uso.