Maji ya Kwanza

Saa kumi na moja alfajiri, jiko la shule, Toba.
Namimina hijiki kavu beseni:
vijiti vyeusi vya mwani, vyembamba,
kama majani ya chai yaliyokasirika.
Nusu saa tu vimevimba, vimekumbuka bahari.

Maji yamekuwa ya kahawia.
Mama yangu Masue hakuyamwaga kamwe.
"Nguvu imo humu," alisema, akayapikia wali.
Mimi nayamwaga.
Naloweka tena, nachemsha, namwaga na hayo.

Alikuja bwana mdogo Kuwabara, mtu wa lishe,
kikokotoo mfukoni mwa koti jeupe,
akanieleza habari ya arseniki
kwa sauti ya mtu aliyeleta taarifa ya msiba.
Mwani huu, alisema, huikusanya kuliko ndugu zake.
(Kombu naye ana iodini: ukizidisha, shingo itakudai.)
"Usiogope, Bi Sawako. Kidogo, mara mojamoja,
na hayo maji usiyaonee huruma."

Nikamwambia mama aliishi miaka tisini na mitatu.
Akaniuliza: na waliokufa mapema,
nani aliwahi kuwauliza walikula nini?
Nikakosa jibu. Nikakamua kitambaa
ambacho kilikuwa kikavu.

Hilo nililimeza.
Lililonikwama kooni ni la chuma.
Miaka ishirini na sita nimesimama nyuma ya kaunta hii
nikiwaambia watoto, kuleni, mtapata damu;
na hasa Hinano, mwenye midomo ya rangi ya karatasi,
anayeitenga hijiki uzi kwa uzi
hadi ukingoni mwa sahani.
Kumbe kile chuma hakikutoka baharini.
Kilitoka kwenye jungu.
Wachemshaji wa zamani walitumia majungu ya chuma,
wa leo wana yale yasiyoshika kutu,
na kikipimwa tena
hakifiki hata sehemu moja ya nane.
Tulimsifu mgeni
kwa pishi la mwenyeji.

Jungu la mama ninalo. Liko uani.
Nilitoboa kitako mwaka ule wa mvua nyingi,
nikapanda vitunguu vya majani.

Leo ni Jumanne, siku yake.
Karoti, soya, tofu ya kukaanga,
hijiki kijiko kimoja, si viwili kama zamani.
Hinano amefika mbele yangu na trei,
nami, sijui kwa nini, nimemwambia yote:
sumu, maji, jungu, vitunguu.
Nyuma yake foleni imenuna.

Akafikiri.
"Kwa hiyo damu hamna?"
Ipo, kidogo.
"Sasa tunakula kwa nini?"

Ningeweza kumtajia kalsiamu.
Ningeweza kumtajia nyuzi zinazosafisha tumbo,
Kuwabara amenibandikia orodha ukutani.
"Kwa sababu ni tamu," nikasema,
"na bahari iko pale dirishani."

Alikula nyuzi mbili.
Zilizobaki akazipanga ukingoni,
safari hii kwa heshima.