Viganja

Februari. Barafu imelala juu ya ziwa
kama mtu asiyedaiwa na yeyote.
Tampere nzima imejifunga skafu mpaka puani,
na mimi, Oili Saarenketo, karani wa ramani,
nalowesha karatasi za watu.

Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri
na viganja vyangu vinavuja.
Si homa. Si woga. Sijaiba kitu.
Ni jasho tu, lisilo na kazi iliyolileta.
Wasemao mtu hula jasho lake
hawakuniona mimi: ningeshiba tangu darasa la pili,
daftari la hesabu likitoboka chini ya ngumi,
wino wa saba ukitambaa kwenda kuonana na tisa.

Nina hila zangu.
Kikombe mkono wa kulia, hata kiwe kitupu.
Glavu mpaka Mei.
Kikohozi cha ghafla mgeni anaponyoosha mkono.

Daktari Vainikka hacheki wala hanionei huruma,
na kwa hilo nampenda.
Anapaka ayodini, ananyunyiza wanga,
kisha tunangoja.
Weusi wa zambarau unachomoza nukta kwa nukta,
nukta zinaungana,
na kiganja kizima kinakuwa nchi yetu ilivyo ramanini:
maziwa, maziwa, na ardhi kidogo ya kukanyaga.

Ni sumu, anasema. Ile ile
iliyowaua watu zamani kwa soseji zilizooza.
Nawaza soseji nyeusi ya sokoni kwetu,
ile ya damu, na jamu nyekundu pembeni,
niliyoila jana nimesimama.
Dawa ya moto ni moto, basi.
Tone dogo, anasema, na neva inanyamaza,
tezi haipati habari.

Hamsini kila kiganja.
Nilihesabu mpaka kumi na tisa,
nikahamia vigae vya dari,
kisha nikaitukana ukoo mzima wa mtu nisiyemjua.
Muuguzi Eemil alinishika kifundo cha mkono
kwa glavu iliyojaa barafu
akanisimulia, sikumwomba,
jinsi mbwa wake anavyoogopa ngazi.

Siku ya tisa niliamka na mikono ya mtu mwingine.
Karatasi ilichakarika nilipoigusa.
Nilikuwa sijui kwamba karatasi ina sauti.
Gumba limelegea kidogo, mfuniko wa chupa umenishinda,
nikaiacha chupa imefungwa, nikasimama jikoni
nikijipapasa shavu.

Jumamosi nikaenda kwa baba.
Urpo, miaka themanini na moja,
thelathini na nne kati yake kwenye kiwanda cha karatasi.
Utotoni tukivuka barabara
alinishika mkono wa koti, si mkono.
Nilidhani ndivyo walivyo wanaume wa kwetu.
Ila saunani, humo tu,
alivichukua viganja vyangu vyote viwili
akavifumbata mpaka mawe yalipopoa,
kwa kuwa humo kila mtu ni chepechepe
na hakuna wa kuulizwa.
Miaka yote hiyo sikujumlisha moja na moja.

Tulikaa kwenye ubao wa juu, mataulo kiunoni na kifuani.
Jasho lilinitoka kwenye paji, shingoni, nyuma ya magoti,
likishuka kama kawaida ya watu.
Akanishika mkono.
Akaugeuza kuelekea kidirisha chenye ukungu,
akautazama kama anayesoma mita ya umeme.

“Mkavu,” alisema.

Wake ulikuwa unachuruzika.
Ulikuwa unachuruzika siku zote.

“Bei gani?”
Nikamwambia. Akachota maji, akayamwaga,
mawe yakafoka, mvuke ukatufunika nyuso,
na kwa muda mrefu hakuna aliyemwona mwenziwe.

“Inadumu?”
“Miezi sita.”

Nilimsikia akihesabu kwa pumzi.
“Agosti,” alisema baba. “Agosti tutafanana tena.”
Na mkono hakuuachia.