Alhamisi Kumi na Nne

Walikuja kumtengeneza Dainis.
Wakaanza na kiti changu.

Bi Skaidrite alipanda orofa tano, theluji mabegani,
akavua viatu, akatoa soksi za sufi mkobani,
akaomba kigoda, akaketi kando ya jokofu.
Hakuleta dawa. Hakuleta mizani.
Alileta daftari, na saa ya kuchemshia mayai,
ya plastiki, umbo la kuku.
"Wiki hii," akauliza, "nani alikula na nani?"
Nikamtazama Inga. Inga akatazama sufuria.

Mimi hula bandarini, nimesimama, mkate mweusi na samaki wa mkebe.
Inga hula akiosha vyombo.
Mama yangu, Rasma, hula chumbani na redio yake.
Dainis hula na simu,
na simu haishibi.

Nikasema: mgonjwa si huyu?
Miaka tisa, kilo hamsini na mbili,
amemng'ata mwalimu wa hesabu,
halali hadi saa nane za usiku.
Mtibuni yeye.
Nilidhani samaki ni yeye, angali mbichi, akunjwe.
Kumbe wa kukunjwa ni mimi,
mkavu, nimeanikwa miaka arobaini.

Kazi ya kwanza: dakika kumi kila siku, chini, sakafuni.
Usimwamuru. Usimuulize. Usimfundishe.
Sema tu unachokiona.
Magoti yangu yalilia kama bawaba za ghala.
"Unaweka kipande chekundu juu ya cha buluu," nikasema.
"Sasa unakitoa."
Nilijiona mtangazaji
wa mechi isiyo na mpira.
Dainis akanikodolea macho: Baba, umelewa?
Hapana.
Siku hiyo, hapana.

Saa moja jioni simu zote ziliingia kwenye sufuria ya supu,
kifuniko juu,
zikatetemeka humo kama kaa.

Wiki ya nne ugomvi ukahamia kwa Mama.
Mfuko wa aproni yake ulijaa karameli.
Bi Skaidrite hakumkemea. Alimuuliza
nani alimpa yeye peremende ya kwanza.
Mama akanyamaza mpaka kuku akalia.
Kisha: askari mmoja, kituo cha treni,
nilikuwa na miaka sita, sijala tangu juzi.
Nina miaka arobaini na tatu
na habari hiyo sikuwahi kuisikia.
Siku hizi humwita Dainis wamenye bitiruti,
viganja vyao vyekundu hadi vifundoni,
karameli moja tu, Jumapili, wanaigawa kwa kisu.

Mwezi wa pili sahani iliruka, ikamkosa Inga kwa shibiri.
Mkono wangu uliijua njia:
nyuma ya mlango, msumari, mkanda wa baba yangu.
Ulifika nusu.
Nikatoka nje, baridi ya kukata masikio,
nikahesabu taa za kiwanda ng'ambo ya reli,
nikapotea, nikaanza upya.
Baba naye alikuwa akitoka hivyo.
Mimi nilirudi.
Dainis alikuwa ameinama, anaokota vigae kwa gazeti,
hakunitazama, nami sikuwa na neno
ila lile nililofundishwa:
"Unaokota vigae."
"Ndiyo," akasema. "Vingine vimeingia chini ya jokofu."

Bi Skaidrite haji tena.
Kigoda kipo palepale, tunajikwaa nacho.
Kilo zimepungua mbili tu,
na mwalimu wa hesabu bado huvaa mikono mirefu.
Juzi Dainis alipiga teke mlango wa tramu,
tukateremshwa wote wawili,
tukatembea hadi nyumbani, upepo wa Baltiki usoni,
naye njia nzima ananieleza
kwamba pweza ana mioyo mitatu.

Jana kuku alilia. Dakika kumi zimekwisha.
Nikashika ukingo wa meza, nikaanza kuinuka.
Bila kuinua macho akamvuta kuku,
akamzungusha shingo tena,
hadi mwisho.