Upande Ulio Dhaifu Hauguswi

Nguzo hii baba aliichimbia mwaka nilioota meno,
ua wa magharibi, Kaunti ya Marion, Kansas:
mti wa miiba, wa matunda ya kijani
yaliyojikunjakunja kama ubongo, hata ng'ombe huyasusa.
Miaka arobaini na mitatu imeshika seng'enge.
Udongo haukuila. Mchwa waliionja, wakahama.

Nilipoipasua, ndani ilikuwa njano
kama kiini cha yai la kuku anayejitafutia.

Wanasema samaki mkunje angali mbichi.
Huyu hakukunjwa. Amekauka amenyooka,
na mimi, Verda wa Ruben Unruh, fundi wa mabomba,
nataka leo ajue kupinda.

Ghalani, ukutani, kuna kibao chenye pengo,
upinde umelazwa humo, ugwe unaning'inia,
chini kapi, na kamba mpaka kwa mvutaji.
Baba amekalia ndoo iliyopinduliwa.
Mkono wa kushoto umelala pajani
tangu Februari, kama glavu iliyosahauliwa na mgeni.
Wa kulia ndio unaovuta.

"Inchi kumi," nasema. Anavuta.
Nasimama mbali, mlangoni, nimefumba jicho moja.
Mkono wa juu wa upinde: mkaidi, rula.
Wa chini unakubali upesi mno;
ukishapita fundo, una goti.

Hapa ndipo vidole vyangu hutaka kukosea:
hutaka kwenda palipo na maradhi,
kupapasa, kukwangua, kutengeneza.
Lakini upande ulio dhaifu hauguswi.
Unyuzi utakaoutoa hapo hauna pa kurudi.
Unauendea ule wenye nguvu,
unauambia: punguza. Mngoje mwenzio.

Basi nakwangua. Vumbi la njano laning'ang'ania kope.
Avute mara thelathini, aachie mara thelathini,
mbao izoee habari mpya kidogo kidogo,
kisha nisimame tena mlangoni.

Ratili hamsini ndizo nilizoahidi.
Jumatatu zilikuwa arobaini na sita. Leo arobaini na moja.
Usawa una bei, na mlipaji ni yule mzima.

Asubuhi nilimtazama akifunga kiatu.
Ule mkono wa kulia, uliorusha marobota ya nyasi
juu ya trela bila mwenyewe kuhema,
uliotufanya tunyamaze ukigusa tu mkanda,
umejifunza kusubiri. Una upole
ambao sisi watoto hatukuwahi kuuona.
Nishukuru? Nimshukuru nani, kwa jambo kama hili?

"Inchi ishirini."
Kamba yalia kwenye kapi. Kitu kinasema *tik*.
Tunaganda wote wawili.
Ni bati la paa tu; jua limeliacha.

Anashusha. Anavuta tena, sijamwambia,
ishirini na mbili, ishirini na nne,
na pale ukutani ile nguzo ya ng'ombe
inajiviringa taratibu, juu na chini wanasikilizana,
ila kwenye fundo, ambapo pamebaki kinundu,
kigumu, kibaya, hakishiriki.

"Hicho nikikwangue?"

Anakitazama muda mrefu, kamba imekazwa,
mshipa wa shingo umesimama.
"Kiache," anasema, kwa upande mmoja wa mdomo.
"Ndicho kinachoshikilia."

Halafu: "Njoo uninyanyue, Verda. Ndoo inanikata."