Alikuwa Mrefu?

Kibuye nilikuwa na mdomo wa bati la mvua.
Jumapili, juu ya meza, kiatu mkononi:
"Mia mbili! Mguu huo unalia, husikii?
Mama, kisigino hiki kimekungoja wewe tangu Ulaya!"
Na mama akicheka, ujue mkono uko kwenye pochi.
Kizuri chajiuza, walisema. Mimi hata kibovu
nilikifunza kutembea.

Kisha mtaji ukaliwa na karo ya Imali,
nikarudi Chavakali, kwa mjomba Endegwa
auzaye majeneza kando ya barabara ya Kakamega,
kati ya kinyozi na duka la mbolea.
"Wewe una ulimi," akaniambia. "Kaa mbele. Mimi nina randa."

Siku ya kwanza nilimwambia mjane: "Karibu tena."

Hakujibu. Alinitazama
kama mtu aliyekanyagwa gizani.
Randa ya mjomba ikanyamaza kule nyuma.
Usiku huo nilipanga maneno yangu yote kitandani
kama viatu, nikitafuta linalotosha msiba.
"Mpya kabisa." Halifai.
"Bei ya kutupa." Mungu wangu.
"La kudumu." Lidumu wapi, na mchwa wa Maragoli nawajua?
"Jaribu kwanza" nililirusha dirishani.

Miezi miwili niliuza kwa kunyamaza, yaani sikuuza.
Mpaka mzee mmoja wa Mudete akasimama kizingitini,
kofia mkononi, haingii, hatoki,
nami kwa kukosa la kusema nikauliza:
"Alikuwa mrefu?"

"Mrefu!" Akaingia. "Kageha wangu? Aliinama mlangoni
miaka arobaini, na mimi nikiahidi kuuinua ule mlango."
Akakaa juu ya mbao zisizopigwa randa
akanisimulia mlango, na ng'ombe, na sauti yake kanisani,
na mwisho akalinyooshea kidole la mvule
bila kuuliza bei.

Basi nikajua: mtu humuuzii kitu.
Unamuuliza, halafu unamsogezea kiti.

Na kuna neno jingine. Sijivunii.
"Anastahili."
Liseme polepole, ukigusa kifuniko, macho chini,
na familia iliyokuja na hesabu ya msonobari
itaondoka na mvule na vishikio vya shaba,
na ndama mmoja hatalala tena katika zizi lile.
Biashara haigombi, kweli. Lakini inakula.

Juzi alikuja kijana, Lung'aho, na sare ya shule,
noti zake amezifunga katika karatasi ya unga.
Elfu nne na mia tatu. Mama yake.
Macho yakaenda kwenye la mvule, yakakaa hapo.
Neno likanijia lenyewe, limeshavaa viatu,
limesimama nyuma ya meno.
Randa ikatulia. Mjomba anasikiliza.

Nikasema, "Alipenda rangi gani?"
"Samawati. Ile ya kanzu za kwaya."
"Msonobari huishika vizuri. Mvule huikataa."
Ni kweli? Nusu.
Mjomba akakohoa,
akaenda kutafuta brashi.

Sasa ni jioni, niko jikoni, mbele ya mama yangu
anayeficha vidonge vya presha nyuma ya kopo la chumvi
kwa kuwa daktari alimwambia "lazima".
Neno baya, lazima; hata Kibuye sikulitumia.
Nimejaribu "tafadhali". Nimejaribu wajukuu.
Mimi niliyewahi kuuza viatu viwili vya mguu wa kushoto
nimesimama na kikombe cha maji na sina mdomo.
Navuta kigoda.
"Mama," namwambia, "hivi baba alikuwa mrefu?"

Anaangalia kikombe. "Usiniuzie," asema,
lakini anasogea kunipa nafasi.