Kidole

Simu ilinitangazia kwamba imeshiba.
Wala haikuona haya: nafasi hakuna, futa kitu,
nami nimesimama foleni ya dawa, Spring Bank,
nataka kuipiga picha karatasi ya vidonge nisije nikaipoteza.

Nyumbani nikachomeka waya.
Kompyuta yenyewe niliinunua paundi sitini
duka la hisani, kwa mzee aliyeniapia
kwamba ilikuwa ya mwalimu wa kwaya, haijawahi kuanguka.
Herufi ya N haikubali
mpaka uikandamize kwa ukucha.

Picha elfu kumi na moja, mia nne na kumi na mbili.
Mimi! Niliyelelewa nyumba ya picha tatu ukutani,
na moja kati ya hizo ilikuwa ya kalenda.

Nikaweka chai, nikaanza kupembua kama mchele.
Risiti. Risiti. Ratiba ya basi la Bransholme.
Jedwali la mapipa: Jumatano hii la buluu, ijayo la kahawia.
Mshale wa boila ukiwa kwenye nyekundu.
Ukungu wa kona ya chumba, Novemba hadi Machi,
picha kumi na tisa, ushahidi wa kumwonesha Bwana Dobson,
unakua mwezi hadi mwezi
kama mtoto anayepelekwa kliniki kupimwa uzito.
Sakafu. Giza. Kidole changu. Kidole changu.

Nikafuta. Kufuta kuna utamu wake, tusidanganyane.
Mia tatu kwa mkupuo, zote zilizotikisika, zote zilizozibwa.
Nikajiambia, nikikosea si zimo kwenye simu?
Akili yangu ilikwisha panga: makabati mawili,
huku nakala, kule asili.

Ijumaa moja Fumo akaja kutoka chuoni, akacheka,
halafu akaacha kucheka.
"Mama, si makabati mawili. Ni moja, lina milango miwili.
Ukitoa huku, na kule kumetoka.
Kusawazisha ndiko huko."
"Na zenyewe zinakaa wapi?"
"Winguni."
Nikachungulia dirishani. Hull, mawingu hatujapungukiwa.

Ndipo nikakumbuka
kidole kimoja hakikuwa changu.

Kilikuwa cha dada yangu Mashavu,
uwanja wa ndege wa Manchester, mara ile moja aliyokuja,
anaziba kamera: usinipige, sijachana.
Nikapiga hivyo hivyo.
Mwaka uliofuata wakamzika, nami nikihudhuria kwenye kioo,
mtandao ukikatika kila dua inapoanza.

"Kuna kapu," akasema Fumo. "Vinakaa humo siku thelathini."
Sisi maiti wetu tunamsomea arobaini.
Mashine imetukata siku kumi.

Chini ya kila picha kapuni pameandikwa umri uliobaki.
Siku tatu. Siku tatu. Siku tatu.
Tukavipanga vidole kwenye kioo kama watuhumiwa,
Fumo anauliza, huyu? Nami, huyo ni mimi, mbele,
huyo ni mimi, mbele, huyo ni mimi nikimenya kitunguu,
mpaka kikatokea chenye hina ya harusi ya Mwanaidi
imebaki nchani mwa ukucha, rangi ya chungwa lililoiva.
Nyuma yake kipande cha mtandio. Gurudumu la toroli.
Basi.

Zilikuwa mbili. Katika ya pili kidole kimesogea kidogo
na jino moja linaonekana.

Kompyuta ikauliza: picha hizi zinafanana, nibakishe moja?
Nikakataa. Ikauliza tena, mara hii na alama ya nyota
kwenye ile iliyo bora.
Nikamwambia Fumo arudishe zote mia tatu,
pamoja na sakafu, pamoja na giza.
"Simu itajaa tena," akasema.
Ijae.

Kisha ikataka jina la folda.
Nikaandika mwenyewe, taratibu, kwa kidole kimoja:
sijachana.
Ilipofika N nikaikandamiza kwa ukucha.