Laana ya Mto Zambo

Mimi ni fundi wa lifti, Coventry.
Jumatatu hadi Ijumaa nazuia watu wasianguke.
Jumamosi nafunga chapati mbili na chupa ya chai,
naenda Skegness kulipa pauni arobaini niangushwe.

Usiniulize kwa nini. Niulize ipi.

Ya mbao kwanza. Ile nyeupe iliyobanduka rangi,
imesimama kando ya bahari ya kijivu
kama kenchi za nyumba ambayo mwenyewe aliishiwa.
Haina hadithi. Haina joka wala jini.
Ina mnyororo tu, ka-ka-ka-ka,
na kile kimya kifupi cha kileleni
ambapo tumbo linabaki nyuma kubishana na kiti
na wewe umeshatangulia.
Kaa behewa la mwisho. Wa mbele wanaona, wa nyuma wanavutwa.
Mvua ikinyesha usikimbie: reli ikilowa
gari linateremka kama linadaiwa.

Ya chuma, ile ya kijani yenye vitanzi vitano, siipendi.
Laini mno. Inakupindua miguu juu kwa adabu,
kama yai kwenye kikaango kipya,
na unashuka nywele zikiwa palepale.
Shaweji, mpwa wangu, anasema nimezeeka.
Yeye anahesabu vitanzi.
Mimi nahesabu mara ngapi makalio yaliachana na kiti.

Halafu mapambo. Hapa ndipo tunapogombana kweli,
garini, njia nzima ya kurudi.
Plasta imechongwa ikaitwa mwamba wa kale.
Kutu imepakwa kwa brashi. Kutu!
Mimi nalipwa kuiondoa, wao wanainunua kwa ndoo.
Mchezo mzuri hauhitaji kuvalishwa,
nasema, na Shaweji anaongeza sauti ya redio.

Sasa kuna huu, Laana ya Mto Zambo.
Mto wenyewe haupo. Nimeutafuta.
Minazi ya plastiki inatetemeka kwa baridi ya Lincolnshire,
mafuvu, ngao, ngoma za kwenye spika,
na mtumbwi unaokwenda relini mwendo wa bibi harusi.
Mteremko mmoja, mita sita, maji ya bomba usoni, kwisha.
Naupa mbili kwa kumi, na moja kati ya hizo ni huruma.

Lakini foleni yake.
Dakika hamsini ndani ya pango la saruji,
na kila baada ya dakika nne ngoma zinanyamaza
na mwanamke anazungumza, taratibu, kwa mwangwi.
Watoto wanawashika mama zao mikono.
Anasema:

“Jamani, mlisema saa moja, sasa inakwenda saa tatu.
Hiyo nauli yangu mtanipa leo, au ndiyo mpaka mwezi ujao?
Nimeacha maharage jikoni.”

Kisha radi.

Mara ya kwanza nilicheka mpaka Glenys wa getini
akaja kuniuliza kama naumwa.
Nikamwambia maana yake. Hakuamini.
Miaka kumi na moja amesimama pale
akidhani ni mzimu unadai damu.
“Anadai nauli,” nikasema.
Akalifikiria hilo, akifunga zipu ya koti.
“Basi tuko wawili,” akasema.

Siku hizi Shaweji anakimbilia ile ya kijani
na mimi napanga foleni ya Zambo peke yangu.
Nangoja lile “jamani” lake, linavyovutwa mwishoni,
la Pangani, au Muheza, siwezi kuapa.
Simjui. Sijui nani alimwekea kinasa sauti mbele
akamwambia sema chochote, mama, mradi kitishe.
Sijui kama alilipwa.
Sijui kama maharage yaliungua.

Nikifika mbele, mtumbwi ukisimama na kufunguka,
mara nyingine nawapisha walio nyuma yangu.
Wanadhani naogopa.
Glenys ananifungulia kamba bila neno
na ninarudi tena mwisho wa mstari,
chini ya minazi, na chai yangu.